Nani Anaandika Bajeti ya Sagamoyo?

Kama ulifanya KCSE mwaka wa 2018 au miaka michache iliyofuata, huenda unamjua Majoka kuliko unavyomjua MCA wa wadi yenu. Unajua anatawala Sagamoyo. Unajua amelifunga soko la Chapakazi. Unajua mshauri wake anaitwa Kenga, na kwamba Tunu na Sudi hawamtaki hata kidogo. Ukiamshwa saa tisa usiku unaweza kutaja sifa zake tano bila kupepesa macho: katili, mbinafsi, mwenye tamaa, fisadi, dikteta. Taja sifa, toa mfano kutoka kitabuni, mwalimu anaweka vema, twende swali linalofuata.

Kigogo ya Pauline Kea ilisomwa na kizazi kizima. Kabla yake, dada na kaka zetu wakubwa walisoma Mstahiki Meya ya Timothy Arege, ambapo mji wa Cheneo unaoza mikononi mwa Meya Sosi huku Daktari Siki akijaribu kumzindua. Na kabla ya hapo kulikuwa na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ambapo Mtemi Bokono ameikalia Butangi na Mwelusi anausaka ukombozi. Waandishi watatu, tamthilia tatu, miji mitatu ya kubuni. Lakini ukizisoma kwa mfululizo, kama nilivyofanya mwaka huu, unaona jambo ambalo mtihani haukutuuliza. Zote zina mwili mmoja. Kuna jitu limewakalia watu. Limezungukwa na vibaraka wa kulisifu. Kuna mzalendo mmoja au wawili waliokataa kunyamaza. Wengine wote ni umati unaongoja kuamka.

Siandiki haya ili kuzidharau. Hizi ni tamthilia zilizoingia katika shule za umma, kwa idhini ya serikali, zikamwambia mtoto wa miaka kumi na saba kwamba mtawala anaweza kupingwa. Hilo si jambo dogo katika nchi hii. Na zina raha yake. Mazungumzo ya Kigogo yana kejeli inayouma, na mtu anayesema vitabu teule vilikuwa vya kukaririwa tu hakuwa darasani siku tulipogawana wahusika tukaanza kugombania nani awe Mamapima.

Ugomvi wangu ni mwingine. Tamthilia hizi, pamoja na jinsi tulivyofunzwa kuzisoma, zilitupa somo letu la kwanza la siasa, na somo lenyewe lilikuwa hili: serikali ni mtu. Mtu akiwa mbaya, serikali ni mbaya. Mtu akitoka, kumekucha. Tulihitimu tukiwa na msamiati mpana wa kumweleza mtawala mbaya, na karibu hatuna neno la kueleza kile anachokitawala.

Hebu litazame hilo neno kigogo. Ni mtu mkubwa, mzito, asiyegusika. Lakini ndani yake kuna gogo. Gogo likianguka barabarani, kila mtu anajua la kufanya: mkusanyike, mshike, msukume, magari yapite. Picha hiyo ni tamu sana, ndiyo maana imetuingia. Kitu ambacho haiulizi ni kwamba barabara yenyewe inaelekea wapi, na nani aliichora ipite kwenu au isipite.

*

Tuanze na maneno basi, maana hapo ndipo tulipoibiwa mapema.

Kwa Sheng tunasema sirkal. Sirkal imekuja, sirkal imekula, sirkal inatutafuta. Ni kama mnyama mmoja mwenye mdomo mmoja. Kwenye taarifa ya saa moja, baada ya mafuriko au moto au daraja kubebwa, kuna mama atashikiwa maikrofoni naye atasema: serikali saidia. Sicheki. Ukisikiza vizuri, katika sentensi hiyo serikali ni mjomba tajiri. Ana moyo au hana moyo. Unaweza kumlilia, unaweza kumtukana, lakini huwezi kumfungua ndani ukaona anafanya kazi vipi.

Kiswahili kina maneno zaidi ya hilo moja, na yanaweza kutusaidia kutenganisha vitu. Kuna dola. Kuna serikali. Kuna utawala, ambao kwa wengi wetu Nairobi ni mtaa wa kule Embakasi. Na kuna itikadi.

Fikiria nyumba ya kupanga. Dola ndiyo nyumba yenyewe: kuta, mageti, askari wa mlangoni, sheria za ploti, na madeni yaliyoandikwa kwa jina la ploti. Serikali ni mpangaji aliyemo kwa sasa. Utawala ni namna anavyoishi humo, kama anapika kwa amani au anapigia majirani kelele. Itikadi ni ramani. Ramani ndiyo iliyoamua, kabla mpangaji hajaleta kitanda chake, chumba kipi kitapata dirisha na kipi kitakaa giza mchana.

Itikadi ni neno la Kiarabu, na mzizi wake unahusu kufunga fundo. Imani iliyofungwa ikakaza. Naipenda asili hiyo kwa sababu inaeleza kwa nini itikadi ni vigumu kuiona. Fundo likishafungwa vizuri, hulioni tena kama kitendo cha mtu. Unaliona kama sehemu ya kamba.

Mifano ipo hapa kwetu. Ofisi ya chifu tunaijua wote. Chanzo chake ni sheria ya wakoloni ya mwaka 1902 iliyowapa wazee wa vijiji kazi ya kuwasimamia watu kwa niaba ya serikali. Kenyatta alikuja, chifu akabaki. Moi, Kibaki, Uhuru, Ruto, chifu yupo. Hiyo ni dola. Au chukua mafuta ya gari. Mwaka 2018, chini ya Uhuru Kenyatta, yaliwekewa VAT ya asilimia 8. Mwaka 2023, chini ya William Ruto, mtu aliyeomba kura kama mpinzani wa serikali hiyo, ikapanda hadi 16. Mpango wa mkopo na IMF ulitiwa saini 2021. Uchaguzi ukafanyika 2022, mpangaji akabadilika, mkataba ukaendelea. Majoka gani huyo anayeweza kuwa watu wawili kwa wakati mmoja?

*

Mwaka wa 2024 ulinipa matumaini, na matumaini yangu ni ya mhakiki: yanahusu kusoma.

Mswada wa Fedha ulipotoka, vijana walifanya jambo ambalo tamthilia zetu hazikuwa zimetufundisha. Walisoma hati. Wasee waliupakua mswada wenyewe, wakaupitia kifungu kwa kifungu, wakatafsiri kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi za TikTok. Watu walijua kwamba mkate ungelipiwa VAT ya asilimia 16. Walijua kuhusu ushuru wa asilimia 2.5 ya bei ya gari. Walijua kwamba ushuru wa mazingira ungefika hadi kwenye pedi na nepi. Sijawahi kuona uhakiki wa maandishi ukifanywa na watu wengi hivyo, tena bila alama. Kwa wiki chache, adui hakuwa mtu. Adui alikuwa sentensi.

Na sentensi zilianza kuanguka. Tarehe 18 Juni, baadhi ya vifungu viliondolewa, mkate ukiwemo. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bungeni, na risasi zikafyatuliwa, na kuna familia hazijapona mpaka leo. Kesho yake Rais akasema hatautia saini mswada.

Baada ya hapo tukarudi Sagamoyo. Tulikuwa tayari na jina la utani, Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mti. Baadaye tukaongeza Kasongo. Tarehe 11 Julai Baraza la Mawaziri likavunjwa, tukashangilia, na wiki chache baadaye baadhi ya sura zile zile zikarudi, zikiwa zimeongezewa wanasiasa kutoka upinzani. Oktoba, naibu wa rais akaondolewa na Bunge, kukawa na drama ya wiki kadhaa. Kisha Desemba, nchi ikijiandaa kwa Krismasi, sheria nyingine za ushuru zikatiwa saini, na ndani yake mlikuwa na baadhi ya mapendekezo yaliyokuwa kwenye Mswada wa Juni. Watu waliangushwa, vifungu vikarudi. Na mara hii video za TikTok zilikuwa chache.

Sasa wimbo ni wantam. Muhula mmoja, aende nyumbani. Kama kauli ya mtaani, wantam ni kazi safi: silabi mbili, kidole kimoja hewani, huhitaji kueleza. Hata mimi huicheka ikipigwa kwenye matatu. Lakini kama tamthilia, tunaijua. Ni Kigogo toleo jipya, na pazia linashuka pale pale, gogo likishasukumwa. Hakuna anayeuliza onyesho la pili linahusu nini.

*

Kuna msemo ambao umekuwa kama ukweli usiohitaji ushahidi: vyama vya Kenya havina itikadi. Unaona kwa nini watu wanasema hivyo. Kibaki alishinda na NARC 2002, akarudi na PNU 2007. Uhuru na Ruto waliingia kwa muungano wa Jubilee 2013, wakavunja vyama vyao wakaunda Chama cha Jubilee, kisha Ruto akaja na UDA na wilbaro lake 2022. Kila uchaguzi gari jipya, rangi mpya.

Mimi naona kinyume chake. Itikadi ipo, tena ni moja, na ndiyo sababu vyama vinaweza kubadilishwa kama laini za simu. Iliandikwa. Ina jina, namba na mwaka. Ni Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965, kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na jinsi ya kuutumia katika kupanga maendeleo ya Kenya. Ulitoka wakati Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi, na uliandikwa kwa Kiingereza.

Nilikutana nao nikiwa nimeshaacha chuo, PDF mbaya iliyopigwa picha ikiwa imepinda. Ninapendekeza usomwe kama tunavyosoma kitabu teule, kwa sababu ni maandishi yenye hila. Anza na utangulizi. Kenyatta mwenyewe anawaambia wananchi kwamba sasa mabishano ya kinadharia yaishe, tufanye kazi ya kujenga taifa. Simama hapo. Hati ya itikadi ya nchi changa inaanza kwa kuomba mjadala wa itikadi ufungwe. Kwenye tamthilia, mhusika akiingia jukwaani na kusema tusibishane tena, hadhira inajua kuna jambo.

Kisha angalia nomino na vitenzi. Nomino ni za ujamaa: mila za Kiafrika, demokrasia, kuwajibikiana. Vitenzi ni vya mfanyabiashara. Sehemu inayokumbukwa zaidi inaeleza fedha za maendeleo ziwekwe wapi: mahali zitakapoleta faida kubwa zaidi, penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Soma tena. Barabara ziende penye barabara. Umeme uende penye umeme. Na nani waliokuwa na reli, barabara na umeme mwaka 1965? Ni zile sehemu ambazo mkoloni alizijenga kwa ajili yake mwenyewe. Turkana, Wajir, Mandera, Marsabit waliambiwa, kwa lugha ya upole ya wachumi, wangoje.

Hakuna Majoka katika aya hiyo. Hakuna anayefoka, hakuna anayetupa mtu jela. Ni sentensi yenye adabu. Lakini nathubutu kusema imenyima watoto wengi maji kuliko kigogo yeyote wa jukwaani.

Haikuwa lazima tuamini kwamba hakuna aliyeona. Julai ya mwaka huo huo, mchumi kijana wa Kenya aitwaye Barack Obama, babake yule tunayemjua, alichapisha uhakiki wa Waraka huo katika East Africa Journal. Alitaka kujua mali itagawanywa vipi, si itakuzwa vipi tu. Mwaka uliofuata Oginga Odinga alitoka KANU, yeye na Bildad Kaggia wakasimama na chama cha KPU. Mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku. Mjadala ukafungwa kweli, kama utangulizi ulivyoomba.

Jirani zetu walikuwa na hati yao. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na ukiliweka kando ya Waraka wetu unaona tofauti kabla hata ya kufika kwenye hoja. Ni la Kiswahili. Mkulima wa Dodoma angeweza kusomewa akabisha. Na lina kitu ambacho Waraka wetu hauna: linamtazama kiongozi mfukoni. Kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Sisi mwaka 1971 tulipata ripoti ya tume ya Ndegwa, iliyowakubalia watumishi wa umma kufanya biashara wakiwa bado kazini. Ukijiuliza kwa nini leo afisa wa serikali ana tenda, ana shule, ana hoteli na ana ploti, hujakosea ukimtaja kwa jina. Lakini jua kwamba alifunguliwa mlango na hati.

Simwombi mtu aipambe Arusha maua. Katika miaka ya sabini watu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa kwa nguvu, chama kilikuwa kimoja, na masharti yale ya uongozi yalikuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991. Itikadi iliyoandikwa vizuri inaweza kuumiza vizuri pia. Ninachosema ni kwamba Mtanzania alipewa maneno ya kubishana nayo. Ujamaa, kujitegemea, unyonyaji, kabaila, bepari. Anaweza kuyakataa, lakini anayo. Sisi tulipewa Harambee na Nyayo, maneno mawili ya mwendo: vuta, fuata. Vuta nini? Fuata nani? Nyayo ni alama za miguu ya mtu. Hata falsafa yetu ya taifa ilikuwa kiatu cha mtu.

*

Tulijaribu kumtoa mtu kwenye picha. Katiba ya 2010 ni hati ya itikadi pia, ingawa tunaichukulia kama kitabu cha wanasheria. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote makuu ni ya wananchi. Kifungu cha 43 kinataja afya, makao, chakula, maji na elimu kama haki, si msaada wa mjomba. Kuna kaunti 47 na kiwango cha chini cha mapato ambacho lazima kiziendee. Na kuna Kifungu cha 204, kinachounda hazina maalum, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya kupeleka maji, barabara, afya na umeme sehemu zilizoachwa nyuma. Kisome kando ya Waraka wa 1965. Ni jibu. Mmoja unasema pesa ziende penye barabara, mwingine unasema pesa ziende pasipo na barabara. Hiyo ndiyo vita halisi ya itikadi katika nchi hii, na haina bendera wala kofia ya chama. Na ukitaka kujua nani anashinda, pesa za hazina hiyo zimechelewa mno kuwafikia waliokusudiwa.

Ila kifungu ninachokipenda kama msomaji wa fasihi ni cha 231. Kinakataza noti na sarafu kuwa na sura ya mtu binafsi. Kila rais alikuwa ameweka uso wake mfukoni mwetu. Katiba ikasema basi. Sarafu mpya zikaja 2018 na wanyama. Noti mpya zikaja 2019, na ukizitazama utaona jumba la KICC. Ukiangalia kwa makini, mbele ya jumba utaona sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi. Watu walienda mahakamani kuipinga. Huwezi kuandika tamthilia bora kuliko hiyo. Tulipitisha sheria ya kumwondoa mtu, mtu akarudi kwa umbo la sanamu.

Sudi angeelewa. Kazi yake katika Kigogo ni kuchonga, na ugomvi wake na Majoka unaanzia hapo: ni nani achongwe kama shujaa wa Sagamoyo. Darasani tuliandika kwamba Sudi ni jasiri na mzalendo. Kweli. Lakini yeye pia ndiye mhusika pekee aliyeelewa kwamba utawala hauishi kwa bunduki tu. Unahitaji kinyago. Unahitaji hadithi ya nani aliijenga nchi, na unahitaji mtu wa kulipwa kuichonga.

*

Kuna atakayeniambia: wewe, tamthilia haiwezi kuwa na kifungu cha sheria kama adui. Jukwaa linataka sura, linataka mtu wa kuzomea. Na kama hadithi ya mtu mmoja mbaya haina makali, kwa nini Aprili 2025 wasichana wa Butere walirushiwa vitoa machozi Nakuru kwa sababu ya mchezo wao wa Echoes of War?

Hoja hiyo ni nzito. Dola iliyopeleka polisi kwenye tamasha la drama la shule ilithibitisha kwamba jukwaa bado linauma. Wale wasichana waliingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na huo ukawa mchezo wenyewe. Sisemi tuache kuandika Majoka. Nasema tujifunze kumsoma mpaka tumpite.

Kwa mfano, rudi kwenye Kigogo umtafute Kingi. Ni mhusika mdogo, mkuu wa polisi, na katika orodha yangu ya shule alipewa mstari mmoja. Mwishoni Majoka anamwamuru awapige watu risasi, naye anakataa. Ukiisoma tamthilia kama hadithi ya mtu mbaya, Kingi ni bahati nzuri tu, mtu mwenye roho safi. Ukiisoma kwa maneno tuliyoyapanga hapo juu, Kingi ndiye kilele. Ni afisa wa dola anayetambua kwamba Majoka si Sagamoyo. Kwamba bunduki aliyopewa ni ya watu, amri ni ya mpangaji. Tofauti kati ya dola na serikali si somo la chuo kikuu. Ni sekunde ile kabla ya kidole kugusa bunduki. Tarehe 25 Juni sekunde ile ilipita, na tofauti hiyo haikukumbukwa.

Au lisome soko. Chapakazi linafungwa, pahali pake panatakiwa hoteli. Tuliandika: tamaa ya Majoka. Lakini weka Waraka wa 1965 juu ya ukurasa huo. Ardhi iende penye faida kubwa zaidi. Kwa hesabu hiyo mama wa mboga hana nafasi hata kama mtawala ni malaika. Mtu mwenye huruma, akitumia hesabu ile ile, atafunga soko lile lile. Tofauti ni kwamba atawapa watu notisi ya siku thelathini na chakula cha msaada. Wachuuzi wa mji huu wamevunjiwa vibanda na kila serikali ya jiji waliyowahi kuichagua, na kila mara kanjo waliotumwa walikuwa wa bosi mpya.

Ndiyo maana naogopa 2027 ikija kama tamthilia tunayoijua. Tutapewa Tunu wa kupigia kura. Atakuwa kijana, ataongea vizuri, atakuwa na simu yenye video za maandamano. Nitampa masikio. Lakini ningetaka aulizwe maswali ambayo sifa za mhusika haziwezi kuyajibu. Pesa za umma zianze kwenda wapi, penye barabara au pasipo na barabara? Mikopo iliyosainiwa na waliomtangulia ataifanyia nini, na nani atalipa? Ofisa wake anaruhusiwa kuwa na tenda? Polisi atawajibika kwa nani siku amri itakapokuwa mbaya? Akijibu kwamba yeye ni mcha Mungu na ana uchungu na wananchi, basi amejibu swali la sifa. Hilo tunalijua tangu kidato cha tatu.

Na kwa walimu wa Kiswahili, ambao wamefanya kazi kubwa kuliko wanavyolipwa, nina swali la insha ambalo ningefurahi kuona mwanafunzi akilihangaikia badala ya zile sifa tano:

Majoka hayupo tena. Soko la Chapakazi limefunguliwa. Wewe, Tunu, Sudi na Kingi mmepewa kazi ya kuandika bajeti ya kwanza ya Sagamoyo, na pesa hazitoshi. Eleza nani atapata maji kwanza, nani atangoja, na utamwambia nini huyo atakayengoja. (Alama 20)